Asante Tumeshasema, Sasa Tusomewe Hesabu

Mada iliyotolewa kwenye kikao cha ndani cha vijana, Lushoto, Novemba 2021

 

Nimepewa mada ndefu kidogo: wajibu wa diwani kutoa taarifa ya kila mwezi juu ya misaada kwa jamii wakati huu wa UVIKO-19. Mwenyekiti amenipa dakika thelathini na amenionya nisiwasomee vifungu mpaka mlale. Nitajitahidi, ila vifungu viwili vitatu lazima tuvijue kwa namba, maana ukienda ofisi ya kijiji bila namba unaambiwa "kaa pale, utaitwa", na huitwi.

Tuko humu ndani, milango imefungwa, kwa sababu mikutano ya hadhara ya vyama imezuiwa tangu 2016. Tukisimama pale stendi na kipaza sauti, jioni tunalala kituoni. Sawa. Lakini upo mkutano mwingine wa hadhara ambao hakuna mkuu wa wilaya wala wa mkoa anayeweza kuuzuia, kwa sababu sheria ndiyo inayoamuru uitishwe. Huo ni mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hauulizwi kadi ya chama mlangoni, na wala mlango haupo, tunakaa chini ya mti. Ninachokuja kusema leo ni kwamba fedha na misaada ya korona iko kwenye kata zetu sasa hivi, na pa kuuliza imekwenda wapi ni pale. Tunapaacha patupu halafu tunakuja kulalamika WhatsApp.

Nianze na ndoo.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilirudi nyumbani kama wanafunzi wengine. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Shule zimefungwa, mahoteli hayana wageni, na hao ndio walaji wakubwa wa mboga zetu. Fuso zilizokuwa zinapakia kabichi na karoti kwenda Dar zikapungua. Aliyekuwa na tangawizi na ndimu alicheka, aliyekuwa na kabichi aliwapa ng'ombe. Basi katika kata moja hapa wilayani, siitaji, siku ya gulio diwani akaja na ndoo za koki, katoni za sabuni na barakoa zilizoshonwa na fundi wa palepale. Zikagawiwa sokoni, msikitini, kanisani, zahanati. Picha zikapigwa. Mpaka jioni picha ziko kwenye kila simu: diwani wetu anatujali.

Na alitujali, mimi sibishi. Ndoo zilisaidia. Lakini miezi ikapita, ukaitishwa mkutano wa kijiji, na nusu saa nzima ya kwanza ikawa ya shukrani. Huyu anashukuru, yule anashukuru. Akasimama bibi mmoja wa makamo, kajifunga khanga kiunoni, akasema hivi: "Mwanangu, asante tumeshasema. Hesabu ndiyo hatujasikia. Ndoo zilikuwa ngapi, zilinunuliwa na nani, na ile ya zahanati iko wapi?"

Watu wakacheka. Mtendaji akaandika kitu kwenye daftari, akasema swali ni zuri, litajibiwa kikao kijacho. Mpaka leo.

Tazameni maswali ya yule mama. Ni ngapi, nani alilipia, iko wapi. Hakuna siasa mle. Lakini la pili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ndoo ile inaweza kuwa imetoka sehemu tatu. Inaweza kuwa ya mfukoni kwa diwani, hapo ni sadaka yake na Mungu ndiye atakayemlipa. Inaweza kuwa ya mfadhili, shirika au mfanyabiashara, hapo diwani ni mbebaji tu. Au inaweza kuwa imenunuliwa na halmashauri kwa ushuru wa kabichi yako wewe mwenyewe, hapo anayestahili kushukuriwa ni wewe. Pasipo taarifa, zote tatu zinapigwa picha moja. Na 2020 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mnaokumbuka neno "takrima", Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, ikasema ni kinyume cha Katiba. Takrima ikitolewa na sabuni ndani yake inakuwa ngumu kuitambua. Kinachoitenganisha na huduma ni karatasi moja ya hesabu.

Sasa sheria. Katiba, Ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na ya jamii. Wakati wote, na ugonjwa hautoi likizo. Halafu kuna Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287. Kifungu cha 141 kinasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya sera za kijiji. Siyo mwenyekiti, siyo mtendaji. Mkutano. Na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, wananchi wasomewe mapato na matumizi. Halmashauri ya kijiji inakaa kila mwezi. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Kule wilayani, kamati ya fedha ya halmashauri nayo inakaa kila mwezi.

Kwa hiyo diwani anayekuambia "taarifa ya kila mwezi ni mzigo" mwambie karatasi zipo tayari, yeye anatakiwa kuzisoma tu kwa sauti. Tena kuna hili: kuanzia bajeti ya mwaka huu, posho ya mwezi ya madiwani inalipwa na Serikali Kuu katika halmashauri nyingi. Mimi naunga mkono, maana diwani asiyelipwa anajilipa. Ila kama posho inahesabika kwa mwezi, na taarifa ihesabike kwa mwezi. Na posho hiyo inatoka kwetu. Tangu Julai, ukituma elfu kumi kwa mama yako Bumbuli unakatwa tozo. Umelipia, uliza.

Tuje kwenye fedha kubwa, maana ndoo ni kionjo.

Mwezi Septemba Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi yetu dola milioni 567.25. Kwa shilingi ni kama trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba Rais Samia alizindua matumizi yake pale Dodoma. Kutoka kwenye fedha hizo yanajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na kila darasa limetengewa shilingi milioni 20. Zidisheni wenyewe: bilioni 300. Yanatakiwa yawe tayari watoto wa kidato cha kwanza wakiingia Januari. Na msisahau, huu ni mkopo. Watoto watakaokaa kwenye madarasa hayo ndio watakaoulipa.

Siji hapa kuyaponda madarasa. Nani wa Lushoto atachukia darasa? Tumesoma tukiwa sitini, sabini chumbani. Ninachouliza ni namna fedha inavyopanda mlima. Milioni 20 ni zilezile Tanga mjini, ambako Simba Cement inatengenezwa, na ni zilezile Mtae, ukingoni kabisa mwa genge. Mfuko wa saruji ukitoka Tanga mpaka Mombo una bei yake, ukipanda Soni una bei nyingine, ukifika Lukozi una nyingine, na mvua ikiporomosha barabara unakaa bondeni siku tatu huku fundi anakula posho. Basi darasa la mlimani linamalizikaje kwa bei ya darasa la bondeni? Linamalizika kwa msaragambo. Kina mama wanabeba mchanga kichwani, vijana wanaponda kokoto, wazee wanatoa miti. Mchango huo ni fedha! Kwenye vitabu, je, unaandikwa? Kama hauandikwi, kuna mtu ataandika kwamba mchanga ule ulinunuliwa.

Hapo ndipo penye wizi, na ni wizi usio na kelele. Sisemi umetokea kata fulani. Nasema hivi ndivyo unavyoweza kutokea, na dawa yake inajulikana. Fedha hizi zinaingia kwenye akaunti ya shule, wanatumika mafundi wa hapahapa, na zinatakiwa kuwepo kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ikishushwa. Nyoosheni mikono: nani humu anamjua hata mjumbe mmoja wa kamati ya mapokezi ya shule ya kwao? Naona mikono miwili. Mko kama sitini.

Kuna mikopo pia. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Korona imewavunja wauza mboga wengi, na mikopo hii ingewainua. Orodha ya vikundi vilivyopata ni habari ya wananchi. Ibandikwe.

Niseme na jambo ambalo wengi tunalipita haraka kwa sababu linauma. Taarifa ya msaada haina maana kama ugonjwa wenyewe haupo kwenye taarifa. Mwezi Mei 2020 hesabu ya wagonjwa nchini ilisimama kwenye 509 na vifo 21, ikabaki hapo zaidi ya mwaka. Namba haikupanda wala kushuka, kama saa iliyoisha betri. Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Huku kwetu watu walikuwa wanazikwa, na tulijifunza lugha mpya: "changamoto ya upumuaji". Nani alikwenda kumsaidia mjane wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiokuwepo? Ungeombaje sabuni ya karantini kwa kitu ambacho kimeshaisha kwa kutangazwa?

Mwishoni mwa Januari mwaka huu Mwenyekiti wetu, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliugua, na chama kikasema wazi kwamba ni korona, yeye na mkewe. Alifariki tarehe 17 Februari. Watu walishtuka kwamba imetamkwa. Mimi nilikuwa kwenye daladala Dar, nikaona abiria mmoja anatoa barakoa mfukoni na kuivaa, halafu wa pili. Taarifa moja ya kweli ilifanya kazi ambayo ndoo ishirini zisingeifanya.

Hali sasa imebadilika, tuwe waungwana tuseme. Chanjo zaidi ya milioni moja za Janssen zilifika Julai, Rais akachanjwa hadharani tarehe 28, na namba zimeanza kutolewa tena. Lakini namba ya taifa haimsaidii mtu wa Mlalo kujua kama zahanati yake ina dozi wiki hii.

Wazee wetu walikuwa na maneno yao kwa haya mambo. Kishambaa kina kuzifya shi, kuitengeneza nchi iwe na mvua na shibe, na kina kubana shi, kuiharibu. Enzi za Vugha, zumbe alipokea kodi na kazi za watu, na wakati wa njaa macho yote yalikuwa kwake. Mvua ikikataa hakusema "nilishapiga picha na wananchi". Aliulizwa yeye. Tawala za machifu zimekwenda na sina hamu zirudi, maana mwanamke kama mimi nisingesimama hapa. Lakini Waingereza walipokuja na matuta yao miaka ya 1950 na machifu wakawasimamia, watu wa milima hii, kina mama mbele, walikataa kulima kwa amri ambayo hawakuulizwa. Kuuliza hatukufundishwa na vyama vingi.

Sasa taarifa yenyewe inakuwaje? Ni ukurasa mmoja. Nimetunga mfano, msiitafute kata hii, haipo:

"Mwezi Oktoba kata imepokea shilingi milioni 40 za madarasa mawili. Zimetumika milioni 9. Saruji mifuko 150 kwa shilingi 17,000, jumla 2,550,000, na risiti ziko kwa mwalimu mkuu. Mchanga na kokoto ni msaragambo, siku nne, watu 63, haukulipiwa. Mabati bado. Ndoo za koki za mwaka jana zilikuwa 12, zote zilinunuliwa na halmashauri: saba zinafanya kazi, tatu koki zimekufa, mbili hazijulikani zilipo. Waliochanjwa kwenye zahanati mwezi huu ni 58. Vikundi vitatu vya vijana viliomba mkopo, kimoja kimepata, viwili havikuwa na akaunti ya benki. Kaya nne zilizofiwa na mlezi zimepewa mahindi, majina hayatajwi."

Basi. Dakika nne kuisoma. Diwani anayesema "mbili hazijulikani zilipo" mimi ningempa kura, awe wa chama chochote. Na majina ya wagonjwa na ya wanaopewa chakula yasisomwe mkutanoni. Hapo hata sisi wapinzani tuna tabia mbaya ya kupiga picha unga tunaompa bibi. Acheni.

Mtasema, dada, mwenyekiti wa kijiji ni wa CCM. Ndiyo, karibu wote, maana 2019 tulijitoa kwenye uchaguzi ule, na sababu mnazijua. Kwa hiyo hatuna diwani wa kutusomea na hatuna mwenyekiti wa kutuitishia. Tunabaki na haki ya mkazi. Itumieni hivi. Msiende na fulana ya chama wala skafu, nendeni na daftari. Msiende kumi mkakaa pamoja kama kwaya, kaeni na majirani zenu. Aulize mtu anayeheshimika, ikiwezekana mama mwenye mtoto kwenye shule ile, na aulize kitu kinachohesabika. Ukiuliza "kwa nini mnatuibia" umempa mwenyekiti nafasi ya kukutoa. Ukiuliza "mifuko mingapi imeshushwa mpaka Ijumaa", lazima ataje namba, na watu wote waliobeba mchanga wamekaa pale wanasikiliza. Hakikisheni swali linaingia kwenye muhtasari. Mtendaji akisema litajibiwa kikao kijacho, sema ahsante, naomba liandikwe hivyo, na tarehe.

Kikao kisipoitishwa, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la aliyekataa na saa. Mtu anaweza kukutisha, nalijua hilo, na kijijini anayekutisha ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho ukitaka mkopo wa chuo. Ndiyo maana nasema barua isainiwe na watu watano au sita wa kitongoji kimoja, wakiwemo wa CCM. Watoto wao nao wanaingia kidato cha kwanza Januari.

Hapa mezani kuna barua arobaini nimeziandaa, mnajaza tu jina la kijiji, la shule na tarehe. Zikiisha, fotokopi ni shilingi mia moja pale karibu na stendi. Vijiji vingi vitatakiwa viitishe mkutano kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo tuna wiki chache. Kila kata iliyoko humu initajie mtu mmoja atakayesimama kuuliza na mmoja atakayeandika majibu. Tuanze na Mlola. Yule mama wa nyuma, nimekuona, mkono wako uko juu tangu nilipotaja ndoo. Karibu.